Kumbatio Lililofungua Redio

"Mbona unanikumbatia kama umebeba gunia la viazi? Nikaze vizuri."

Sauti ya Ylva, rafiki yake na mwongozaji mwenzake, ilitoka kwenye redio ya upepo iliyofungwa kifuani mwa Tiril, safi kabisa, kama vile Ylva amesimama naye hapo hapo kilimani. Tiril akageuka nyuma. Hakuna mtu. Mawe, theluji, na bahari ya kijivu huko chini.

"Jaketi ndilo linazuia," ikajibu sauti ya mwanaume. "Sogea huku. Eeh, hivyo."

Hiyo ilikuwa sauti ya Vemund. Mchumba wake. Mwanaume ambaye Jumamosi ya wiki ile ile alikuwa anafunga naye ndoa kanisani Longyearbyen, mji wao, na mama yake Tiril alikuwa ameshaanza kuazima sahani kwa majirani.

La kwanza Tiril alilojiambia ni kwamba Vemund anamfunga Ylva mikanda ya jaketi. Si ndiyo kazi yao, kila siku wanafungana mikanda. Jamani, mtu akipenda anamtetea mwenzake hata kabla hajashtakiwa.

Halafu ikasikika sauti ya busu. Busu halina maelezo mengine.

Asubuhi ile meli yao ndogo ilikuwa imetia nanga kwenye kisiwa cha mbali, kaskazini mashariki ya Svalbard, visiwa vya barafu vya Norwei, mahali ambapo haishi binadamu. Wageni waliokuja kuona wanyama walikuwa ufukweni, kimya, wanawapiga picha sili wakubwa wenye meno marefu waliolala wamelaliana kama ndugu waliopewa kitanda kimoja. Dagrun, mwongozaji mkongwe kuliko wote, alikuwa nao. Tiril alipewa kilima, bunduki na darubini, kazi yake kuangalia dubu. Vemund, kiongozi wa safari, alikuwa ametangaza redioni:

"Naenda kukagua kile kibanda cha wawindaji upande wa pili kabla wageni hawajafika. Ylva anakuja nami."

Ndiyo utaratibu. Mgeni haingii kwenye kibanda cha zamani mpaka mwongozaji ahakikishe hakuna dubu aliyelala ndani wala nyuma yake. Hakuna aliyeshangaa.

Sasa redio zile ziko hivi. Ukibonyeza kitufe cha pembeni unaongea, wenzako wote wanakusikia. Ukikiachia, unasikiliza. Na mmoja akiwa amebonyeza, wengine wote ni mabubu. Hata ulie, sauti yako haitoki. Vemund alivaa redio yake kifuani, chini ya mkanda wa jaketi la kuokolea. Alipomvuta Ylva, chuma cha mkanda kikalala juu ya kitufe, na kifua cha Ylva kikakikandamiza. Kadiri walivyozidi kukazana ndivyo walivyozidi kusikika. Tiril kilimani anawasikia. Dagrun na wageni ufukweni wanawasikia. Kapteni Asgaut kwenye chumba cha usukani, na mpishi aliyempelekea kahawa, wanawasikia.

"Jumamosi unaoa," Ylva akasema. "Na mimi ndiye mpambe. Nitasimama pale nimeshika maua, natabasamu, wewe unamvisha mwenzangu pete."

"Pete nimvishe wapi? Kidole cha pete hana."

Wakacheka. Wote wawili wakacheka, na kicheko cha Ylva kilikuwa kile kile ambacho Tiril alikizoea tangu wakiwa chumba kimoja cha meli, kinachoanzia puani.

Tiril aliutazama mkono wake wa kulia. Kwao pete ya ndoa inavaliwa mkono huo. Kidole cha pete hakikuwepo, na kile kidogo cha pembeni yake hakikuwepo. Pete ya uchumba aliivaa shingoni, kwenye mnyororo.

Vidole vile vilienda majira ya baridi mawili yaliyopita. Yeye na Vemund walikuwa wanarudi mjini kwa pikipiki ya theluji, ikaharibika njiani, dhoruba ikawafunika. Vemund alivua glovu ili afungue mashine, upepo ukazichukua zote mbili. Alipoanza kulia kwamba havisikii vidole vyake, Tiril alivua glovu zake, za sufu, alizofumiwa na mama yake, akamvisha. Zote mbili. Yeye akaingiza mikono kwapani. Wa kushoto ukapona. Wa kulia ulitoka kwapani kila alipoinua tochi kuwaonyesha waokoaji.

Mama yake, Gunnvor, alikaa pembeni ya kitanda cha hospitali akamwambia:

"Mwanangu, ungempa moja."

"Mama, mikono yake ilikuwa inakufa."

"Na yako ilikuwa ya nani?"

Tiril alikuwa anamtazama Vemund, aliyekuwa amepiga magoti anabusu bandeji, anaapa kwamba mkono huo ndio ataushika mpaka uzeeni. Mji mzima ulisikia kiapo kile. Wanawake walikililia dukani kwenye foleni.

Sasa redioni Vemund alikuwa anasema:

"Usiku akinishika na ule mkono, najikaza. Yaani najikaza kabisa, Ylva. Kama ananishika ndege kwa kucha."

"Basi usimuoe. Una mdomo, sema."

"Niseme kwa nani? Longyearbyen yote inajua alinipa glovu zake. Nikimuacha leo, kesho hakuna atakayeninunulia hata kahawa. Naoa vile vidole viwili, simuoi yeye. Tukishafunga ndoa, majira ya baridi mimi na wewe tunapata meli ya kusini, kwenye pengwini huko. Yeye atabaki na mama yake wanafuma."

"Muuaji wewe."

"Mimi? Mimi ni mume mwema anayetafuta riziki mbali."

Kikaja kicheko kingine.

Tiril alibonyeza kitufe chake. Redio ikampa mlio ule mfupi wa kukataa. Akabonyeza tena. Mlio ule ule. Alitaka kusema neno moja tu, "Nawasikia," lakini hata hilo hakuruhusiwa. Alibaki amesimama na bunduki begani, anahadithiwa maisha yake, na kuondoka hawezi. Mlinzi wa kilima haondoki wageni wakiwa ardhini. Angezima redio? Mlinzi hazimi redio.

Huko ufukweni Dagrun alikuwa amegandamiza kiganja juu ya redio yake kuiziba. Haikusaidia. Wageni walishaanza kugeuza shingo kumtazama yule msichana kilimani. Wengi wao hawakuijua lugha ile, lakini busu na kicheko havihitaji mkalimani.

"Bunduki umeiweka wapi?" Ylva akauliza.

"Nje, nimeiegemeza ukutani. Humu inatubana."

"Na dubu akija?"

"Tiril yuko juu. Yule hapepesi macho. Si anatulinda?"

Hapo ndipo Tiril alipoinua darubini, labda kwa mazoea, labda kwa sababu machozi yalikuwa yanatafuta mahali pa kujificha.

Akamuona dubu.

Alikuwa anatembea ufuoni upande wa pili, upande usioonekana na mtu yeyote isipokuwa yeye. Dubu mweupe, jike, mwembamba. Ngozi inaning'inia tumboni kama nguo ya kuazima. Nyuma yake mtoto mmoja, anakimbia kidogo, anasimama, anakimbia tena. Mama mtu aliinua pua. Upepo ulikuwa unatoka kibandani kwenda kwake, na ulimpelekea habari. Akageuza kichwa, akaanza kuja moja kwa moja.

Ninyi mnaosoma, semeni ukweli. Wewe ungefanya nini?

Wageni walikuwa salama, kilima chote kiko kati yao na dubu. Kibandani kulikuwa na watu wawili tu. Hakuna aliyejua kwamba Tiril ameona. Alichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu. Kuangalia upande mwingine kidogo, kama mtu anayefuta pua. Baadaye angesema ukungu. Angesema jua. Nani angemlaumu?

Kwenye redio Ylva alikuwa anasema kwa sauti ya chini, "Nipe tena ile uliyoniambia juzi, kwamba..."

Tiril alishusha darubini. Akavuta pumzi. Alisimama hivyo kwa muda ambao baadaye alikuwa anaurudia kitandani, akijaribu kujua ulikuwa mrefu kiasi gani.

Halafu akatoa bastola ya fataki, akafyatua hewani.

Mlio ulipasua bonde zima. Taa nyekundu ikapaa juu ya kisiwa. Dagrun hakuuliza, fataki ni amri. Aliwakusanya wageni kama vifaranga, akawarudisha kwenye maboti ya mpira wakirudi kinyumenyume, bunduki yake mbele. Honi ya meli ikalia.

Na kwenye redio:

"Hiyo nini?" Ylva akauliza.

"Ukuta wa barafu umebomoka baharini. Siku nzima unabomoka."

"Na honi?"

"Asgaut huyo, anawafurahisha wageni. Tulia basi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Watu waliozoea kusikia barafu ikipasuka, mlio wa kuokoa maisha yao waliuona kelele za kila siku.

Dubu alisimama, akaitazama fataki ikizimika, akaendelea kuja. Tiril alifyatua ya pili, mbele ya miguu yake. Mawe yaliruka. Mtoto alijificha nyuma ya mama. Mama alitikisa kichwa, akakohoa, akaendelea. Njaa ilikuwa imemmaliza woga.

Tiril akaanza kukimbia kushuka kilima. Anapiga kelele mpaka koo linawaka. Upepo unazichukua zote na kuzirudisha nyuma yake. Redio kifuani mwake inaendelea kunong'ona mapenzi, na yeye anakimbia kwenda kuyaokoa.

Dubu alifika ukutani. Alinusa bunduki ya Vemund, akaipiga kwa mkono, ikaanguka na mlio wa chuma.

"Vemund. Nje kuna mtu," redio ikasema.

"Tiril?" Vemund akaita. Mara sauti yake ikawa tamu, sauti ya nyumbani. "Mpenzi, ni wewe? Nakagua paa hili, limeoza."

Mlango ukasukumwa. Ylva akalia, mlio ambao hakuna aliyeusikia atausahau. Dubu alikuwa ameingiza kichwa na bega moja. Mlango wa kibanda cha wawindaji ni mdogo, umetengenezwa hivyo makusudi, na hilo ndilo lililowapa pumzi chache.

Tiril alipiga goti. Kidole cha kufyatulia kilikuwa kimebaki, hicho baridi haikuchukua. Alilenga nyuma ya bega. Mkono wenye vidole vitatu ukavuta.

Risasi moja. Dubu alikaa chini kama mtu aliyechoka, akalaza kichwa kwenye kizingiti, akafa.

Mtoto wake alikuja taratibu. Akamnusa mdomo. Akapanda juu ya mgongo, akashuka, akamsukuma kwa pua kwenye tumbo, pale alipozoea kunyonya. Tiril aliishusha bunduki, akakaa kwenye mawe, na hapo ndipo alipolia. Vemund hakuliliwa hata chozi moja siku hiyo. Yote yalikuwa ya huyu mama.

Kumbatio lilikuwa limeachia, kwa hiyo redio ilikuwa kimya. Ylva alitoka kwanza kwa kupanda juu ya mzoga, jaketi wazi, hakumtazama rafiki yake. Vemund akatoka nyuma. Akajipangusa magoti. Akafunga zipu. Akaokota bunduki. Kisha akabonyeza redio mwenyewe, kwa sauti ya kazi:

"Meli, meli, Vemund hapa. Kuna dubu ameuawa kibandani. Aliyepiga ni Tiril. Mimi na Ylva tulikuwa tunakagua jengo kama nilivyoripoti."

Sauti nzito ya Kapteni Asgaut ikatoka:

"Vemund, tumekusikia. Tumekusikia tangu kumbatio."

Uso wa mtu ukikosa damu unakuwa na rangi ya nta. Vemund aliishika redio, akaitazama, akaugusa mkanda wa jaketi, akaelewa. Ylva akakaa chini kwenye mawe akaficha uso.

Vemund alimfuata Tiril, akachuchumaa mbele yake.

"Mpenzi, nisikilize. Yale yalikuwa maneno tu. Mtu akiwa... unajua mtu anavyosema. Sasa hivi tuna jambo kubwa. Gavana atatuma watu, dubu akiuawa lazima waje. Wewe sema nilikuwa mlangoni na bunduki mkononi. Basi. Nikipoteza leseni nimekwisha. Mimi na wewe tumekwisha."

"Mtoto ataishi?" Tiril akauliza.

"Mtoto gani?"

Tiril akainuka, akapita pembeni yake, akaenda kusimama mbali na yule mtoto wa dubu, mahali ambapo angemuona bila kumtisha.

Alasiri helikopta ya Gavana ilitua. Ofisa aliyekuja alikuwa mwanamke wa makamo, haongei sana. Alipima, akapiga picha, kisha akawaita mmoja mmoja kwenye chumba cha kulia cha meli. Kapteni alikaa pembeni. Tiril alieleza alichoona na alichofanya, basi, hakuongeza chumvi. Akabaki amekaa kwenye benchi la mlangoni, ndiyo maana aliyasikia yote ya Vemund.

Kwa sababu Vemund, akiona hakuna wa kumsaidia, alifanya jambo ambalo hata Ylva alilishangaa.

"Inaniuma kusema," alianza, "lakini huyu msichana ni mchumba wangu na namfahamu. Ana wivu. Alisikia mambo redioni akapandwa na hasira. Dubu yule angeweza kufukuzwa. Alimpiga kwa hasira, na mimi nadhani hakuwa anamlenga dubu."

Ndani ya sentensi moja Tiril amekuwa muuaji. Kazi yake, jina lake, bunduki yake, vyote vilikuwa mezani pale, na aliyeviweka ni mtu aliyevaa glovu zake.

Ofisa hakuinua macho kwenye karatasi.

"Alisikia nini redioni?"

"Mambo binafsi."

"Unasema yalimpandisha hasira mpaka aue. Basi yana uzito. Yataje."

"Sikumbuki neno kwa neno."

"Mimi nakumbuka," akasema Kapteni Asgaut. Alikuwa mzee, ameoa na kuzika mke, na alisema maneno yale akitazama dirishani kwa sababu hakutaka kumtazama Tiril. "Alisema bunduki iko nje ukutani. Alisema mlinzi yuko kilimani na hapepesi macho. Fataki alisema ni barafu. Yaliyobaki ni ya aibu, lakini ukitaka nitayasema."

"Nayataka," akasema ofisa.

Asgaut akayasema. Vidole. Ndege. Kuoa vidole viwili. Pengwini. Katika mdomo wa mzee yale maneno yalikuwa machafu mara mbili. Vemund alikaa anayasikiliza kama vile Tiril alivyoyasikiliza, bila ruhusa ya kuondoka.

Ofisa akafunga kalamu.

"Mlinzi alifanya kazi yake. Wewe utatufuata ofisini."

Alipotoka, alisimama mbele ya benchi la Tiril.

"Kuhusu mtoto wa dubu. Ni mdogo mno, hajui kuwinda. Samahani. Kaa ndani, usitoke juu."

Tiril alikaa ndani. Lakini meli ni bati, na sauti inapita. Mlio wa risasi ulikuwa mmoja, mdogo, wa mbali. Aliweka mkono wake wa vidole vitatu juu ya meza na kuutazama mpaka kahawa ikapoa.

Simu yake ililia mara meli ilipopata mtandao. Ujumbe wa mama:

"Mwanangu nimeambiwa. Usile kwa Vemund usilale kwa Vemund. Funga mlango kwa ndani. Nakuja bandarini."

"Nani amekwambia, Mama?"

"Sema nani hajaniambia."

Ukaingia mwingine, wa Ylva, aliyekuwa vyumba viwili tu kutoka pale:

"Shoga nakuomba tuongee. Sikutaka iwe hivi. Najichukia."

Tiril aliandika, akafuta, akaandika tena:

"Maua yako ya Jumamosi yako kwa Mama. Njoo uyachukue."

Ylva hakuja kuyachukua. Alishuka bandarini amefunika kichwa, na kesho yake akapanda ndege bila kuaga, hata Vemund hakumuaga.

Jumamosi ikafika kama ilivyopangwa kufika, maana Jumamosi haina habari na mambo ya watu. Gunnvor alikataa kukitupa chakula cha harusi.

"Nimekoroga unga, nimekoroga. Waje wale wafli, wanywe kahawa, wamwangalie mwanangu kwamba ni mzima. Anayetaka umbea aulete mbele yangu."

Wakaja. Ukumbi mdogo wa mlangoni ukajaa viatu, maana Longyearbyen mtu haingii nyumbani kwa mtu na viatu, wala kanisani. Ni desturi tangu enzi za machimbo ya makaa ya mawe, watu wasiingize vumbi, na hata Gavana anavua. Kapteni Asgaut alikuwepo, soksi imetoboka kidole gumba. Dagrun alikuwepo. Walikula wafli, vile vikate laini vya kuokwa kwenye chuma, na jibini ya kahawia, na hakuna aliyetaja dubu wala ndoa. Tiril alikaa dirishani na sweta lake la kawaida. Mnyororo wa shingoni hakuuvaa.

Mlango ukagongwa. Gunnvor akaenda kufungua.

Vemund. Amenyoa, amevaa suti ya harusi. Mkononi ana kifurushi cha karatasi. Leseni wameshaichukua, na mkahawani mwenye duka alimpa mgongo mpaka akaondoka mwenyewe.

"Mama Gunnvor, shikamoo yako. Nimekuja kuongea na mke wangu."

"Nani?"

"Na Tiril. Mama, nilipotea njia. Yule mwanamke alinichezea akili, na sasa ameondoka, hata simu hapokei. Nimebaki peke yangu. Najua mna moyo mzuri ninyi." Huku anaongea, akainama kufungua kamba za kiatu, kama mtu anavyofanya anapofika nyumbani.

"Usivue viatu," Gunnvor akasema.

Sebuleni watu waliacha kutafuna. Pale kwao hakuna maneno makali kuliko hayo, na hayakuwahi kusemwa kwenye nyumba ile hata kwa mlevi.

Vemund akabaki ameinama, kamba mkononi.

"Mama, nje ni baridi."

"Najua baridi ya hapa. Funga kamba."

Tiril akaja mlangoni. Vemund akainuka haraka, macho yamejaa maji, na kwa mara ya kwanza Tiril aliyatazama machozi yake bila kuyapangusa.

"Nimekuletea hizi," akafungua kifurushi. Ndani kulikuwa na glovu za sufu, nyeupe na nyekundu, zimefuliwa. "Nilizitunza muda wote. Si unaona nilikuwa nakupenda? Mtu asiyependa angetunza?"

Tiril alizichukua. Akavaa ya kulia. Vidole viwili vya sufu vilining'inia vitupu, vikageukia chini. Alivitazama, akamtazama Vemund. Aliyekuwa anauona ule mkono kama wa ndege akageuza macho pembeni, hata sasa, hata akiwa anaomba.

Hilo lilitosha.

Tiril akachukua glovu ya kushoto, akaiweka kwenye kiganja cha Vemund, akakifunga kiganja hicho juu yake.

"Mama aliniambia nikupe moja," akasema. "Nilichelewa kumsikia."

Akarudi ndani, akaketi. Gunnvor alisubiri mpaka Vemund akafunga kamba zote mbili, kisha akasukuma mlango kwa soksi yake, akauliza sebuleni nani hajaongezewa kahawa.

Msichana hajambo siku hizi. Anafanya kazi kwenye meli nyingine, anapewa kilima kama zamani, ila akiona dubu mwenye mtoto anaomba mwenzake ashike darubini. Vidole havikuota. Na wewe mama mwenzangu, kama una binti mwenye moyo mwepesi wa kuvua, msomee hii leo, kabla hajavua glovu ya pili.